Kazi Isiyofanyika Nyumbani: Jinsi ya Kudai Mshahara na Likizo Unaporudishwa Nyumbani na Mwajiri

Mkoani Kigoma kazi nyingi za kuajiriwa hazibebeki kwenda nazo nyumbani. Mpishi wa hoteli ya Mwanga, mlinzi wa ghala la Kibirizi, muuguzi wa zahanati binafsi ya Kasulu, mfanyakazi wa chumvi wa Uvinza, dereva wa shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: wote hawa wakiambiwa wabaki nyumbani, kazi yao imesimama siku hiyohiyo, hata kama mkononi wana simu nzuri yenye bando la mwezi mzima. Ndiyo maana mahali pa kazi panapofungwa, iwe kwa ugonjwa wa mlipuko, mafuriko, ukarabati, amri ya serikali au kukosekana kwa malighafi, ugomvi wa kwanza huwa juu ya mambo mawili, yaani nani atalipia siku ambazo watu hawakufanya kazi, na kama siku hizo zitahesabiwa kuwa likizo.

Mambo haya hayahitaji janga la dunia nzima ili yatokee. Shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020 na nyingi kufunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huo, swali la mishahara liliwakabili wapishi, madereva na walimu wa shule binafsi waliokuwa na mikataba hai huku shule zao hazikusanyi ada. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, swali hilohilo lilimhusu kila aliyeajiriwa katika kazi inayoishi kwa dagaa na migebuka. Mwongozo huu unamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi wa Tanzania Bara, anayelindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtumishi wa umma ana njia yake, nami nitaigusa kwa ufupi mahali pake.

Anza kwa kuuliza ni nani aliyesimamisha kazi

Kabla ya kudai chochote, jiulize swali hili na ulijibu kwa ukweli, kwa sababu ndilo litakalokurudia kila ofisi utakayoingia. Mwajiri aliyefunga lango na kuwaambia watu waondoke yuko katika hali tofauti na mfanyakazi aliyeshindwa kufika kwa sababu barabara imekatika, na wote wawili ni tofauti na mtu aliyebaki nyumbani kwa hiari yake akiogopa ugonjwa.

Ikiwa mwajiri ndiye aliyefunga, una hoja nzuri: mkataba wako ni wa mshahara wa mwezi, haujavunjwa, wewe ulijitokeza ukiwa tayari kufanya kazi, na kazi ndiyo iliyoondolewa mbele yako. Mwajiri atajibu kwamba hakuna kilichozalishwa na kwa hiyo hakuna cha kulipa. Jibu hilo lina mvuto mbele ya watu, lakini sheria imemwekea mipaka ya kukata mshahara. Makato hayaruhusiwi isipokuwa yametokana na sheria, amri ya mishahara, amri ya mahakama, tuzo ya mwamuzi, mkataba wa hiari wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi likatwe. Kwamba kazi yako haifanyiki nyumbani hakumo katika orodha hiyo.

Ikiwa wewe ndiye uliyeshindwa kufika, usitegemee hoja hiyo. Toa taarifa siku hiyohiyo, na utume na picha ya daraja lililochukuliwa na maji kama ipo. Kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi, na kuna waajiri ambao husubiri kimya siku hizo zitimie.

Ikiwa umebaki nyumbani kwa ugonjwa, huna haja ya kubishana kuhusu nani alifunga nini. Tafuta cheti cha daktari, kisha usome sehemu ya likizo hapa chini.

Lipate neno la bosi kwa maandishi

Maneno yanayowaponza wafanyakazi wengi ni haya: "Kaeni nyumbani kwanza, tutawaita." Hayamfukuzi mtu, hayampi likizo, wala hayamwambii kama atalipwa. Mwezi wa pili ukifika, msimamizi aliyeyasema amehamishiwa Dodoma, na aliyebaki ofisini anasema hakuna aliyemzuia mtu kuja kazini, kwamba wafanyakazi waliondoka wenyewe. Nimeona madai mazuri yakidhoofika kwa sababu hiyo moja.

Kwa hiyo jioni ya siku ileile ulipoambiwa uondoke, tuma ujumbe kwa msimamizi wako, kwa lugha ya heshima na bila kumtuhumu. Kijana anayemwandikia bosi aliyemzidi umri anaweza kuandika hivi:

"Shikamoo mzee. Kama ulivyotuelekeza leo asubuhi pale getini, nimerudi nyumbani kwa kuwa ghala limefungwa. Niko tayari kuja kazini wakati wowote nitakapoitwa. Naomba unijulishe tarehe ya kurudi, na kama siku hizi zitalipwa kama kawaida. Ahsante."

Tazama kilichomo katika ujumbe huo mfupi. Umetaja nani alielekeza, lini, na wapi. Umesema uko tayari kufanya kazi. Na umeuliza kuhusu malipo kabla ya siku ya mshahara kufika. Akijibu "sawa, subirini wiki mbili", umepata ushahidi. Asipojibu kabisa, umepata vilevile, maana ujumbe una tarehe na simu inaonyesha kwamba umefika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za aina hiyo kutumika kama ushahidi, kwa hiyo usiufute, usibadilishe simu bila kuhifadhi nakala, na piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji na siyo jina ulilomhifadhi nalo, kwa kuwa jina "Bosi Mkali" halimthibitishi mtu yeyote mbele ya mwamuzi.

Jambo la pili ni daftari la mahudhurio. Mahali pengi daftari hilo liko kwa mlinzi wa getini, lina safu za jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi, na siku ya kufungwa huwa watu wanageuzwa getini kabla ya kuandika. Omba uandike jina lako na saa uliyofika, kisha katika safu ya maelezo uandike "nimerudishwa". Mlinzi akikataa, usigombane naye, kwani naye ni mwajiriwa mwenzako. Waandike pembeni wenzako mliokuwa nao na saa mliyoondoka. Kama mnaweza kurudi getini Jumatatu inayofuata na kuandika tena, fanyeni hivyo, hasa ikiwa bosi hajajibu ujumbe.

Kisha kusanya nyaraka zako: mkataba au barua ya ajira, hati za mshahara za miezi iliyopita, na taarifa ya benki au ya pesa za simu inayoonyesha mshahara ukiingia. Usikate tamaa ikiwa hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na asipoweza kuyaleta katika shauri, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Watu wengi wenye haki hawaendi kudai kwa sababu wanaamini kwamba bila karatasi hawana kesi, na imani hiyo imewafaa sana waajiri wao.

Likizo isiliwe kimyakimya

Hapa ndipo penye ugomvi mgumu zaidi, kwa sababu kila upande una sehemu ya haki.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo katika mzunguko wa miezi 12, na sikukuu za umma zinazoangukia humo zimo ndani ya hesabu. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini mfanyakazi wa msimu anayo haki hiyo hata kabla ya miezi sita, na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule anaweza kuunganisha vipindi vyake vikizidi miezi sita kwa jumla. Wanaoajiriwa msimu wa dagaa, wakapumzishwa, kisha wakaitwa tena wasipite haraka katika aya hii.

Sasa sikiliza lile ambalo wafanyakazi hawapendi kulisikia: anayepanga muda wa likizo ya mwaka ni mwajiri, mradi tu itolewe si zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi amekubali na kazi zenyewe zinalazimu. Kwa hiyo mwajiri akiona ghala litafungwa mwezi mzima na akasema mapema kwamba mwezi huo ndio wa likizo yenu, hajavunja sheria kwa kupanga hivyo. Anachotakiwa ni kukulipa mshahara wa likizo kabla likizo haijaanza. Hapo ndipo pa kumbana. Likizo ya mwaka isiyolipwa si likizo ya mwaka, na mwajiri aliyeshindwa kulipa siku ya kwanza akija kusema baadaye kwamba mlikuwa likizo, muulize alilipa lini.

Lisilokubalika ni likizo ya kurudi nyuma. Watu wamekaa nyumbani wiki tano wakisubiri kuitwa, wanarudi, na ofisa wa utumishi anawagawia fomu za likizo zenye tarehe ya kuanzia wiki tano zilizopita ili hesabu zake zikae sawa. Usiisaini fomu ya namna hiyo kwa kuona aibu au kwa sababu mwenzako aliye mbele ya foleni amesaini. Ukilazimika kuipokea, andika juu yake kwa mkono wako "Nimepokea tu, sikubaliani na yaliyomo", weka tarehe, na uombe nakala. Ikiwa hupewi nakala, ipige picha hapohapo mezani.

Halikubaliki vilevile kukupa likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine ambayo sheria imekupa. Mgonjwa mwenye cheti yuko katika likizo ya ugonjwa, ambayo ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hapaswi kumkataa bila sababu ya msingi. Kwa wafanyakazi wa vijijini walio mbali na hospitali ya wilaya, ni busara kukubaliana mapema kwamba cheti cha zahanati ya karibu kitapokelewa. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, na siku hizo haziguswi na kufungwa kwa ofisi. Mtoto wako akiugua, au ukifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, kuna siku nne za malipo katika mzunguko huo wa miezi 36. Ni chache, hasa kwa mila zetu za matanga, lakini ni zako, na haziondolewi katika zile 28 kwa uamuzi wa upande mmoja.

Likizo bila malipo nayo ina jina zuri kuliko ilivyo. Kwa mtazamo wangu, mwajiri anayekupa "likizo bila malipo" usiyoiomba amesimamisha mshahara wako na kuuita jina jingine. Unaweza kuikubali kwa hiari ikiwa unaona kampuni inayumba kweli na unataka kuilinda ajira yako, nami sioni ubaya katika hilo, ila makubaliano yawe kwa maandishi, yataje tarehe ya kuanza na ya kuisha, na yaseme wazi kwamba ajira inaendelea na miaka yako ya utumishi haikatiki. Bila tarehe ya mwisho, umekubali kukaa nyumbani bila kikomo.

Piga hesabu kabla ya kudai

Usiende kudai "pesa zangu zote". Nenda na kiasi. Jedwali la kwanza la sheria limeweka kanuni ya kupata ujira wa siku kutoka katika mshahara wa mwezi: unazidisha 4.333 kwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki, kisha unagawanya mshahara wa msingi kwa jibu ulilopata. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 520,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Kwake, 4.333 mara 6 ni 25.998, na 520,000 ukigawanya kwa 25.998 unapata takribani shilingi 20,000 kwa siku. Aliyerudishwa nyumbani wiki tatu, yaani siku 18 za kazi, anadai takribani shilingi 360,000. Karatasi yenye hesabu hiyo, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa daftari, humfanya mhasibu aanze kubishana kuhusu tarakimu badala ya kubishana kama una haki, na hapo umeshasogea hatua kubwa.

Likizo iliyokatizwa na kuachishwa kazi ina kanuni yake pia: ujira wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Usiyapite maneno hayo ya mwisho, kwa maana siku ulizorudishwa getini ukiwa tayari kufanya kazi nazo zina hoja ya kuingizwa katika hesabu.

Angalia pia makato ya hasara. Ghala likifungwa ghafla, mizigo huharibika, na mwajiri mwenye hasira hutafuta wa kumtwisha. Hawezi kukukata tu. Lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, awe amekueleza kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokokotoa, uwe umepewa nafasi ya kupinga, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako. Mlinzi aliyeamriwa aondoke halafu dagaa wakaoza ndani kwa unyevu, sioni kosa lake liko wapi.

Barua ya madai

Kabla ya kwenda popote, mwandikie mwajiri. Kigoma ni mji ambao watu wanajuana. Bosi wako wa leo huenda mlisoma naye shule moja au anaswali msikiti mmoja na baba yako, na barua ya kistaarabu inampa nafasi ya kurekebisha bila kuvunjiwa heshima. Iwe ukurasa mmoja. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwajiriwa wako katika kazi ya kupanga na kuhesabu mizigo tangu tulipoandikishana mkataba. Tarehe iliyotajwa hapo juu msimamizi alituagiza tuondoke kwa kuwa ghala limefungwa, nami nilimjulisha kwa ujumbe wa simu kwamba niko tayari kufanya kazi. Mshahara wa siku 18 za kazi nilizokaa nyumbani haukulipwa, na nimepewa fomu ya likizo ambayo sikuiomba na ambayo haikulipwa kabla ya kuanza. Naomba nilipwe shilingi 360,000 kwa mchanganuo ulioambatishwa, na siku 18 zirudishwe katika likizo yangu ya mwaka. Naomba majibu ndani ya siku saba."

Ipeleke ikiwa na nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, akiandika jina na tarehe. Wanaodai kwa pamoja waandike barua moja wote wasaini, au wamtumie kiongozi wa tawi la chama chao, iwe ni TUICO, CHODAWU au chama kingine kinachohusika na sekta yao. Ofisa kazi wa mkoa naye ana uwezo wa kukagua na hata kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Kwa mishahara ya watu wengi iliyozuiwa kwa mpigo, njia hiyo wakati mwingine huwa ya haraka kuliko shauri la mtu mmoja mmoja.

Wakati mnasubiri majibu, kalenda inaendelea kwenda.

Siku 60, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Mgogoro wa mshahara au likizo unapaswa kufikishwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukiachishwa kazi na unataka kupinga kuachishwa kwenyewe, muda unapungua kuwa siku 30. Kuna ubishi wa mara kwa mara kuhusu siku ambayo mgogoro "ulitokea": ni siku lango lilipofungwa, siku mshahara ulipokosekana, au siku bosi alipokataa kwa barua? Usiingie katika ubishi huo ikiwa unaweza kuuepuka. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya mshahara iliyopita bila kulipwa, na uwe umefungua shauri kabla ya siku 60 kutimia, hata kama mazungumzo yanaendelea vizuri. Mazungumzo mazuri hayasimamishi siku, na waajiri wenye mawakili wanalijua hilo.

Aliyechelewa hajafungiwa mlango kabisa. Anaweza kuomba asamehewe kuchelewa, akieleza amechelewa kwa siku ngapi, kwa sababu gani, na kwa nini madai yake yana uzito. "Nilikuwa nasubiri kuitwa kazini" ni maelezo yanayosikilizwa zaidi yakiwa na ujumbe wa bosi unaosema "subirini".

Tume ina ofisi mkoani, na huduma yake hailipiwi. Utajaza Fomu Namba 1, ukieleza aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea na unachotaka. Mwajiri anapaswa kupewa nakala, na wewe uwe na uthibitisho kwamba ameipata, iwe ni sahihi ya aliyepokea au risiti ya posta ya rejista. Jaza kila dai unalotaka: mshahara, likizo iliyokatwa, makato yasiyo halali. Dai ambalo halikuandikwa katika fomu ni taabu kuliingiza baadaye. Na jina la mwajiri liwe lile la kwenye mkataba au hati ya mshahara, kwa maana duka linaloitwa kwa jina la mtaa linaweza kuwa limesajiliwa kwa jina jingine kabisa, na tuzo iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo haimkamati mtu.

Ndani ya chumba cha usuluhishi

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, nayo ina siku 30 tangu shauri lifikishwe, isipokuwa wahusika wakubaliane kuziongeza. Msuluhishi hatoi hukumu hapo; kazi yake ni kuwasaidia mkubaliane, na unayoyasema katika kutafuta suluhu hayatumiki kukubana baadaye. Unaweza kwenda peke yako, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na wakili, au na mwakilishi uliyemchagua. Usikose siku hiyo. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kuondolewa. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kulitolea uamuzi.

Nenda ukiwa umeshaamua mwenyewe unachoweza kukiachia. Wafanyakazi wengi wanaorudi kazini hukubali malipo kwa awamu mbili au tatu ili siku zao za likizo zirudi zote, na naona ni mpango wenye akili ikiwa kampuni bado inafanya kazi. Ila kila kitu kiandikwe katika hati ya makubaliano: kiasi, tarehe ya kila awamu, namba ya akaunti, na idadi ya siku za likizo zinazorudishwa. Usikubali sentensi ya "mwajiri atajitahidi kulipa". Hati iliyosainiwa ina nguvu ya kutekelezwa, kujitahidi hakutekelezeki.

Msipokubaliana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Huko ndiko picha za skrini, nakala ya daftari la getini na mashahidi wako watakapohitajika, na ndiko ambako mwajiri ataulizwa mkataba. Asiyeridhika na tuzo anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba ipitiwe, ndani ya wiki sita tangu alipopewa.

Kibarua na mtumishi wa umma

Anayeitwa "kibarua" asijitoe mwenyewe katika haya yote. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata dalili moja kati ya zile ilizozitaja: anaelekezwa namna na saa za kazi, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa walau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, anatumia vifaa vya mwenye kazi, au anamtegemea yeye kwa kipato. Mama anayeanika dagaa kwa tajiri mmoja kila siku kwa miezi mitano ana hoja ya kusimama nayo. Kibarua halisi wa kutwa, anayebeba mizigo leo kwa huyu na kesho kwa yule, ana nafasi finyu ya kudai siku ambazo hakuitwa, na si haki kumdanganya.

Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza kumaliza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma, kuanzia kwa mwajiri wake hadi mamlaka za rufaa za utumishi, kabla ya kwenda katika njia za sheria za kazi. Akienda CMA moja kwa moja atarudishwa, huku muda wa rufaa yake ukiwa umepita.

Lango lisipofunguliwa tena

Miezi ikipita na hakuna anayeitwa, huenda mwajiri amekwisha kuwaacha bila kusema. Kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji kuna utaratibu wake: kutoa taarifa ya kusudio, kueleza sababu, na kushauriana juu ya nani atapunguzwa na atalipwa nini. Aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi anastahili pia kiinua mgongo cha ujira wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi, pamoja na taarifa au malipo yake, likizo isiyochukuliwa na cheti cha utumishi. Usiandike barua ya kuacha kazi ili "ulipwe haraka", hata ukiahidiwa na mtu unayemwamini, kwa sababu aliyeacha mwenyewe hupoteza sehemu ya malipo hayo. Muulize mwajiri kwa maandishi kama ajira yako ingali hai. Akijibu kwamba haipo, siku 30 zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya jibu hilo, na Fomu Namba 1 iwe mezani kwako wiki hiyohiyo.